Padre Gregor Mendel: mtawa aliyefeli mtihani, akahesabu njegere



Wapendwa vijana, leo tunamwangalia mtu ambaye kila aliyesoma baiolojia kidato cha nne amekutana na jina lake: Gregor Mendel, yule wa njegere. Wengi tulikariri kanuni zake, tukazijibu kwenye mtihani, tukazisahau. Jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa darasani ni kwamba huyu Mendel alikuwa padre, tena mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Kanisa halijamtangaza mtakatifu wala mwenyeheri. Lakini maisha yake yana somo kwa kijana yeyote anayesoma, na hasa kwa wewe uliye chuo kikuu unayehangaika na utafiti, takwimu na msimamizi asiyejibu ujumbe.

Mendel hakuwahi kukanyaga Afrika. Ila kazi yake ilifika kwetu. Ilipanda hadi Amani, kule juu kwenye misitu ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, na kutoka hapo ikaingia kwenye mihogo tunayokula. Tutafika Amani. Kwanza tuanzie kwao.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo kikiwa ndani ya Dola ya Austria, leo kiko Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimbatiza Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo ambaye kwa sheria za enzi hizo alilazimika kufanya kazi siku tatu kila wiki kwenye shamba la bwana wa eneo lile bila malipo. Siku zilizobaki ndizo za shamba lake. Paroko wao, Padre Schreiber, alikuwa anawafundisha wanakijiji kutunza na kuunganisha miti ya matunda. Kwa hiyo huyu kijana alikua akiona mambo mawili yakikaa pamoja bila ugomvi: altare na bustani.

Darasani alikuwa na akili, lakini nyumbani hakukuwa na pesa. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake msituni, na baada ya hapo mzee hakuwa tena na nguvu za kulima kama zamani. Johann, akiwa na miaka 16, alianza kujisomesha kwa kuwafundisha watoto wengine masomo ya ziada. Yaani tuisheni. Mara kadhaa aliugua kwa njaa na mawazo mpaka akarudi nyumbani kujilaza.

Hapo ndipo anaingia mtu ambaye vitabu vya baiolojia havimtaji: Theresia, dada yake mdogo. Kwa desturi ya kwao, binti ndiye aliyetengewa fungu la mali la kwenda nalo kwenye ndoa. Theresia alitoa sehemu ya fungu lake ili kaka yake aendelee na masomo. Fikiria binti anapunguza nafasi yake ya kuolewa vizuri ili kaka asome. Johann hakusahau. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu wa nafasi, aliwasaidia watoto wa kiume wa Theresia kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Utawani, na kufeli

Oktoba 1843 alipokelewa katika monasteri ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba ugumu wa maisha ulichangia uamuzi ule: alichoka kuhangaikia mkate wa kila siku. Tusishtuke. Mungu humwita mtu akiwa na njaa yake vilevile. Alipadrishwa Agosti 1847.

Wakampa kazi ya kichungaji, ikiwamo kuwahudumia wagonjwa hospitalini. Haikumwezekana. Alipokaa karibu na watu wenye maumivu makali yeye mwenyewe aliumwa, akalala kitandani. Abate wake, Cyril Napp, angeweza kumwona mzigo. Badala yake aliona kwamba huyu ni mwalimu, si mhudumu wa wodini, akamtuma kufundisha shule ya sekondari. Vijana, mwombeeni kila mlezi anayejua kutofautisha uvivu na kipaji kilichowekwa mahali pasipo pake.

Mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Akafeli. Na kati ya masomo yaliyomwangusha lilikuwamo lile la viumbe na maumbile, somo ambalo leo linamtambua kama baba. Lakini mmoja wa watahini aliona kwamba tatizo si kichwa, ni kukosa chuo. Abate Napp akakubali, na kwa gharama ya monasteri Mendel akaenda Chuo Kikuu cha Vienna, mwaka 1851 hadi 1853.

Pale Vienna alisoma fizikia kwa Christian Doppler, ambaye wanafunzi wa sayansi wanalijua jina lake mpaka leo. Kwa Andreas von Ettingshausen alijifunza hesabu za michanganyiko, yaani namna ya kuhesabu njia zote ambazo vitu vinaweza kupangwa pamoja. Kwa Franz Unger alisoma mimea. Watu wengi walijua mimea, na wengine wengi walijua hesabu. Mendel alirudi monasterini na vyote viwili mkononi, ila bila shahada. Mwaka 1856 akaenda tena kwenye ule mtihani wa ualimu. Safari hii aliugua katikati, akarudi nyumbani bila cheti. Hakujaribu tena. Alifundisha Brno kama mwalimu asiye na cheti kamili kuanzia 1854 hadi 1868.

Kwa hiyo wewe uliyepata supu, au uliyedisko ukaona dunia imekwisha, tulia kidogo. Mwaka uleule wa mtihani ulioharibika, 1856, ndio mwaka alioanza kuchavusha njegere zake.

Miaka minane ya kuhesabu

Bustani ya monasteri ilikuwa kijishamba tu, kama mita 35 kwa mita 7. Kabla ya kuanza, Mendel alikusanya aina 34 za njegere, akazipanda miaka miwili kuhakikisha kwamba kila aina inazaa sawasawa na yenyewe. Miaka miwili ya maandalizi tu! Kisha akachagua sifa saba zinazoonekana wazi, kama rangi ya mbegu, umbo la mbegu na urefu wa mmea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unafungua ua changa kabla halijajichavusha, unaondoa sehemu zake za kiume kwa kikoleo, unapaka chavua ya mmea mwingine, unafunika ua ili mdudu asiharibu. Halafu la pili. Halafu la mia. Unasubiri mavuno, unafungua maganda, unahesabu mbegu moja moja.

Alipochanganya njegere za mbegu ya manjano na zile za kijani, kizazi cha kwanza chote kilitoka cha manjano. Kijani kikapotea kabisa. Wengine wangeishia hapo. Yeye alipanda tena zile mbegu, akaziacha zijichavushe, akahesabu kizazi cha pili: manjano 6,022, kijani 2,001. Kijani hakikuwa kimekufa, kilikuwa kimejificha. Kwenye umbo la mbegu alipata za mviringo 5,474 na zilizokunjamana 1,850. Tazama hizo namba. Zote mbili zinakaribia sana tatu kwa moja.

Maelezo yake ni rahisi ukishaelezwa. Kila mmea hubeba vitu viwili kwa kila sifa, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na humpa mtoto kimoja tu kati ya hivyo, kwa bahati sawa. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba manjano na kijani, kuna njia nne za kukutana: manjano na manjano, manjano na kijani, kijani na manjano, kijani na kijani. Kwa kuwa manjano hutawala, njia tatu zitaonekana manjano. Moja tu itakuwa kijani. Hayo ndiyo yale mahesabu ya michanganyiko ya Vienna, sasa yakiwa ndani ya ganda la njegere.

Mpaka anamaliza mwaka 1863 alikuwa ameshughulikia mimea inayokadiriwa kufika 28,000. Februari na Machi 1865 alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno, na mwaka 1866 yakachapishwa. Alituma nakala kwa wataalamu. Karibu kimya kitupu.

Data zilizomkataa

Hapa sasa ndipo pa kutulia. Mtaalamu mmoja aliyemjibu alikuwa Profesa Carl Nägeli wa Munich. Naye alikuwa anachunguza mmea mwingine wa maua madogo ya manjano, jamii ya Hieracium. Mendel akaamua kujaribu kanuni zake kwenye mmea huo. Kazi ilikuwa ngumu mno, maua yake ni madogo sana, mpaka macho yake yakaumia. Na matokeo yakamkataa. Tatu kwa moja haikuonekana. Machotara walizaa watoto wanaofanana nao kabisa.

Afanye nini? Angeweza kuyafungia kabatini. Angeweza kufanya kile ambacho vyuoni kwetu tunakiita kupika data: ongeza hapa, punguza pale, dodoso kumi ambazo hakuna aliyezijaza, mradi namba zikubaliane na tasnifu. Nani angejua? Mendel aliyasoma matokeo yale hadharani mwaka 1869, mbele ya chama kilekile cha Brno, jinsi yalivyo, ingawa yalidhoofisha kazi yake kubwa. Miaka mingi baada ya kifo chake ilikuja kufahamika kwamba mimea ile hutengeneza mbegu bila kurutubishwa. Kwa hiyo kanuni yake haikuwa imeshindwa. Lakini yeye alikufa bila kulijua hilo.

Na tuseme yote, maana kweli haiogopi. Mwaka 1936 Ronald Fisher, mmoja wa waasisi wa takwimu za kisasa, alipiga upya hesabu za Mendel, akaona kwamba namba za njegere zinakaribiana na matarajio kuliko kawaida. Fisher mwenyewe hakumwita Mendel mwongo, alidhani labda msaidizi fulani alitaka kumfurahisha. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi, wengine wakitoa maelezo yasiyo na udanganyifu wowote. Kanuni zimesimama. Ila wewe chukua hili: namba unayoiandika leo inaweza kukaguliwa miaka 70 baadaye na mtu ambaye hajazaliwa. Na yuko Mmoja anayeikagua leo.

Mwisho wa safari yake

Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abate. Utafiti ukapungua, vikao vikaongezeka. Aliendelea kufuga nyuki na kuandika vipimo vya hali ya hewa. Kuanzia 1874 aligombana na serikali kuhusu kodi mpya ya monasteri, akakataa kulipa mpaka mwisho. Ugomvi ule ulimtenga hata na marafiki, na si kila mtu alimwona ana busara. Alikuwa binadamu.

Alifariki kwa ugonjwa wa figo tarehe 6 Januari 1884, siku ya Tokeo la Bwana. Kwenye mazishi kinanda kilipigwa na Leoš Janáček, mtunzi aliyekuja kuwa maarufu duniani. Waliokuja kumzika walimlilia abate, mwalimu na rafiki wa maskini. Ile kazi ya njegere, waliojua uzito wake hawakuwepo bado. Mwaka 1900 tu, miaka 16 baadaye, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria walifikia mambo yaleyale, kila mmoja kwa njia yake, wakakuta mtawa mmoja amewatangulia.

Njegere zinafika Amani

Miaka miwili baada ya hapo, 1902, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia pale Amani. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kituo kilipita mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1928 akafika mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Harold Storey.

Storey alikuwa akichunguza ugonjwa wa mahindi unaoacha milia ya njano kwenye majani. Unaenezwa na kidudu kidogo kinachorukaruka kwenye majani. Lakini vidudu vingine vya aina ileile, hata vikifyonza mmea mgonjwa, havienezi ugonjwa. Kwa nini? Storey alifanya alichofanya Mendel: akavizalisha vidudu vile kizazi baada ya kizazi, akavichanganya, akahesabu. Mwaka 1932 alionyesha kwamba uwezo wa kueneza ugonjwa unarithiwa kwa kanuni ya Mendel, ukiambatana na jinsia ya kidudu, na kwamba uwezo huo ndio unaotawala. Mwaka uliofuata alionyesha jambo la ajabu zaidi: ukikitoboa tumbo kwa sindano nyembamba sana kile kidudu kisichoweza, nacho kinaanza kueneza. Kizuizi kilikuwa kwenye ukuta wa utumbo.

Kisha muhogo. Ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani na kuyapaka rangi ya njano, uliripotiwa kitaalamu mwaka 1894 kutoka pande hizihizi zetu, na muhogo ndicho chakula kinachomwokoa mtu mvua zikigoma. Kuanzia miaka ya 1930, Storey na mwenzake Nichols walijaribu aina nyingi za mihogo. Hakuna iliyopona kabisa. Wakamgeukia ndugu wa muhogo, mti wa mpira wa Ceara, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu. Unahimili ugonjwa, lakini mizizi yake hailiki. Sasa fanya hesabu ya Mendel. Changanya muhogo na mpira, mtoto ana nusu ya mpira. Mrudishe kwa muhogo, inabaki robo kwa wastani. Rudisha tena, sehemu moja ya nane. Rudisha mara ya tatu, moja ya kumi na sita. Kila hatua panda mamia, acha ugonjwa uwapige, tupa walioshindwa, baki na wachache. Uchavushaji ule, upandaji ule na kuhesabu kule ni kazi ya mikono mingi, ya vibarua na wasaidizi ambao vitabu haviwataji.

Mbegu zilizotokana na kazi ya Amani zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950. Kule, watafiti wa Ibadan waliziendeleza wakapata mihogo inayostahimili batobato. Na batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda miaka ya 1990, kati ya aina zilizowarudishia watu chakula zilikuwamo zenye asili hiyo. Mtawa aliyefeli mtihani Vienna ana sehemu yake kwenye sahani ile.

Moja kati ya nne, kwenye damu yetu

Kanuni hii haiishii shambani. Ugonjwa wa selimundu unafuata njia ileile ya njegere za kijani. Mtu aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida ni mzima, hajui hata kama anaibeba. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Angalia neno kila. Si kwamba ukishampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamepona. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wanaobeba kasoro hiyo kwa upande mmoja wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana imeenea kwenye maeneo ya malaria kama ukanda wetu. Kwa hiyo si laana ya ukoo, si mkosi, na mama asinyooshewe kidole: mtoto mgonjwa amerithi kwa wazazi wote wawili. Kijana unayejiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa, kapimeni damu mapema, wote wawili, mjue mnaingia wapi. Kujua si kukosa imani.

Tunajifunza nini?

Mendel hakuona matunda. Aliona namba tu: 6,022 na 2,001. Uaminifu wake haukuwa wa kuongea sana, ulikuwa wa kuhesabu mbegu ya 6,022 kwa umakini uleule wa mbegu ya kwanza, na kusoma hadharani matokeo yaliyomkataa. Huo nao ni utakatifu wa kila siku, na unapatikana maabara, shambani, hata kwenye kompyuta ya kuazima saa nane usiku. Data unayoipika leo inaweza kuwa dawa ya mtoto wa mtu kesho. Iliyo safi pia.

Maswali ya kutafakari, peke yako au kwenye jumuiya yenu:
1. Ni kazi gani ninayoifanya vizuri pale tu ninapoonekana?
2. Nani ni Theresia wangu, aliyejinyima ili nisome? Nimemkumbuka vipi?
3. Nimewahi kubadilisha namba, jibu au taarifa ili nionekane nimefaulu? Ninaweza kurekebisha nini wiki hii?

Tusali.
Ee Mungu Mwenyezi, wewe unayejua hesabu ya nyota na ya mbegu ndani ya ganda, utujalie sisi vijana moyo wa kweli. Uwape subira wanaosoma na kutafiti, uwainue waliofeli, uwalipe wema waliojinyima kwa ajili yetu. Wagonjwa wa selimundu na wazazi wao uwape nguvu na watu wa kuwajali. Utufundishe kupanda hata pale ambapo mavuno watayaona wengine. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.